Maswali ya wasomaji: Grupu ni operesheni tatu au moja?

Swali: Kitabu kimoja kinaeleza grupu (seti ambamo elementi huzidishwa na kila moja ina kinyume chake) kwa operesheni tatu: kuzidisha, kinyume, na elementi e isiyobadilisha kitu. Kingine kinatumia kugawanya peke yake, d(x,y) = xy⁻¹, yaani x mara kinyume cha y. Hizi ni aljebra mbili au moja? Nimeambiwa nadharia ya kategoria (hisabati ya vitu na mishale inayoviunganisha) inalimaliza suala hili, ila sioni vipi.

Jibu: Ni karibu moja, na utamu wote uko kwenye hilo "karibu".

Ukiwa na d tu, e ni d(x,x), kinyume cha x ni d(d(x,x),x), na xy ni d(x, d(d(y,y),y)). Kumbe orodha ya operesheni ni chaguo la mwandishi wa kitabu. F. William Lawvere, katika tasnifu yake ya udaktari ya 1963 kule Columbia, aliiweka kando orodha hiyo akachukua kila kinachoweza kutungwa kutokana nayo.

Vitu vya kategoria yake ni namba 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na n ni zao la nakala n za kitu 1. Mshale wa n hadi 1 ni neno, yaani usemi kama xy⁻¹, linaloandikwa kwa herufi n. Maneno yanayolingana kwa sheria za grupu ni mshale mmoja: (xy)y⁻¹ na x hazitofautishwi. Mshale wa n hadi m ni maneno m, na kuunganisha mishale ni kuweka maneno mahali pa herufi. Hivyo mishale ya n hadi 1 ndiyo elementi za grupu huru la herufi n, yaani grupu lisilo na milinganyo mingine zaidi ya sheria za grupu.

Grupu lenyewe ni fankta (njia ya kupeleka vitu na mishale ya kategoria moja kwenye nyingine bila kuvuruga muungano wa mishale) kutoka kategoria hii kwenda kwenye seti, inayohifadhi mazao: 1 ikienda kwenye A, n huenda kwenye Aⁿ, seti ya orodha za elementi n za A. Wanaoanza hulisahau sharti hili. Bila hilo, 2 inaweza kutua kwenye seti yoyote, na kuzidisha hakuchukui tena elementi mbili za A. Homomofismu, yaani ramani kati ya magrupu zinazoheshimu operesheni, nazo hazitaki fasili ya pekee, kwani ndizo mageuzi asilia (ramani zinazopatana na kila mshale) kati ya fankta hizo.

Sasa tofauti inaonekana. e ni mshale wa 0 hadi 1, haihitaji herufi yoyote. d(x,x) inahitaji herufi moja, kwa hiyo ni mshale wa 1 hadi 1, hata kama d(x,x) = d(y,y). Nadharia ya kugawanya haina mshale wowote wa 0 hadi 1, na ndiyo maana seti tupu inatimiza sheria zake zote ilhali si grupu. Ongeza e pamoja na mlinganyo d(x,x) = e, kategoria mbili zinakuwa moja. Vitabu vingi hukwepa kwa kuandika "seti isiyo tupu", sharti ambalo si mlinganyo.

Faida nyingine: si lazima fankta iende kwenye seti. Ipeleke kwenye nafasi za topolojia (seti zenye dhana ya ukaribu na mwendelezo), utapata magrupu ya topolojia. Ipeleke kwenye magrupu yenyewe, utapata yale tu ambamo xy = yx, kwa sababu kuzidisha kunalazimika kuwa homomofismu.

Swali: Kwa nini fildi (mifumo kama Q, namba za sehemu, ambamo kila elementi isipokuwa 0 ina kinyume cha kuzidisha) haziingii kwenye mpango huu?

Jibu: Kinyume cha 0 hakipo, na operesheni lazima ifanye kazi kwa kila elementi. Usidhani uandishi wa kijanja utaokoa jambo. Garrett Birkhoff alionyesha mwaka 1935 kwamba aina ya aljebra huelezwa kwa milinganyo pale tu inapobaki na mazao, aljebra ndogo na taswira za homomofismu. Fildi huanguka kwenye mazao: katika Q×Q, (1,0) mara (0,1) ni (0,0), na (1,0) haina kinyume. Wapo wanaotangaza kwamba kinyume cha 0 ni 0, kisha wanaandika x·x·x⁻¹ = x. Milinganyo hiyo ni halali, ila Q×Q inaitimiza pia, nayo si fildi.