Mkono umevimba baada ya kupiga dari

*Shikamoo Daktari. Nina miaka 27, ni fundi wa dari za jipsamu hapa Mwanza. Juzi tulikuwa na kazi ya haraka, kutwa mikono juu. Kesho yake mkono wa kulia ukavimba hadi saa ikakataa kufunga, ukawa mzito na kubadilika rangi. Utrasaundi imeonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa begani, na nimepewa dawa. Sivuti sigara, sina kisukari. Wenzangu wanasema nimetupiwa jini. Hii imetoka wapi?*
*Fundi, Nyakato*

Marahaba, mwanangu. Huyo jini mwache apumzike, hana kesi hapa.

Papasa mtulinga wako upande wa kulia. Chini yake upo ubavu wa kwanza, na vena inayorudisha damu ya mkono moyoni inapita katikati ya mifupa hiyo miwili, imesongwa na misuli. Ukiinua mkono kukaza skrubu darini, nafasi ile inazidi kuwa finyu na vena inabanwa. Mara moja si neno. Lakini wewe ndiyo kazi yako, na misuli nayo inanenepa kwa kazi hiyohiyo. Utando wa ndani wa vena unachubuka, unaweka kovu, unachubuka tena, hadi siku moja damu inazubaa hapo na kuganda. Ndiyo maana huwapata zaidi vijana wenye afya zao, hasa mkono wanaoutegemea: waogeleaji, wabeba vyuma, wapaka rangi. James Paget wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1875, von Schrötter wa Vienna akafuata 1884.

Zipo sababu nyingine, kama mrija wa dawa uliowekwa kwenye vena kubwa, saratani, au damu yenye asili ya kuganda upesi kupita kawaida. Kama kuna ndugu yako aliyewahi kuganda damu, mwambie daktari.

Anayetaka kukuchua kwa mafuta mkatalie kabisa! Kipande cha bonge hilo la damu kikikatika kinakwenda mapafuni. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiruke. Ila haipanui ile nafasi, kwa hiyo wiki hiihii omba rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Bonge changa huweza kuyeyushwa kwa dawa inayopitishwa kwenye mrija mwembamba; zikipita wiki mbili, huwa gumu kuyeyuka. Wengi baadaye huondolewa ubavu huo wa kwanza. Dari waachie wenzako mpaka bingwa akuruhusu.