Ukipima ukubwa wa polisakaridi, jua kwanza unailinganisha na nini

Wengi wanaoanza kupima polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) kwa kromatografia ya kutenganisha kwa ukubwa (SEC) huniuliza ninunue kolamu gani, yaani ule mrija ambao sampuli iliyoyeyushwa inapitishwa. Kolamu ni muhimu ndio, ila mimi naona swali la kwanza ni standadi, yaani utailinganisha sampuli yako na kitu gani, maana hapo ndo namba nyingi zinaharibikia.

Kolamu imejaa chembe zenye vitundu, molekuli kubwa haziingii humo kwa hiyo zinatoka mapema, ndogo zinaingia zinachelewa. Basi. Haipimi uzito hata kidogo, inapima nafasi ambayo molekuli inachukua ikiwa kwenye maji, uzito tunaukisia sisi kwa kutumia standadi, yaani polisakaridi za uzito unaojulikana, mara nyingi pululani au dekstrani. Sasa chukua amilopektini (sehemu ya wanga), ina matawi mengi na imejikusanya, kwahiyo kwa mstari wa pululani (grafu ya muda wa kutoka na uzito wa standadi) itaonekana nyepesi kuliko ilivyo kweli. Alginati ni kinyume chake, mnyororo wake mgumu umejitanua, itaonekana nzito kupita kiasi. Ndo maana kama huna detekta ya kutawanya mwanga, ile inayopima uzito bila kutegemea standadi, nashauri uandike wazi kwamba namba yako ni "kwa kulinganisha na pululani", usiiache tu kama vile ndo uzito halisi.

Halafu chumvi jamani!! Alginati, pektini, asidi ya hialuroniki, zote zina chaji hasi, ukizipitisha na maji matupu zinasukumana zenyewe kwa zenyewe zinavimba, zinasukumwa na chaji za kolamu pia, pik (kilele kwenye grafu) inatoka mapema mno. Mimi natumia nitrati ya sodiamu 0.1 M na mambo yanatulia. Kaitosani hiyo ina chaji chanya, inapenda kung'ang'ania kolamu, inataka bafa ya asidi na kolamu inayoifaa.

Kuyeyusha usiharakishe, acha usiku kucha inakoroga polepole, na usitumie mawimbi ya sauti kuharakisha kwa sababu yanakata minyororo mirefu, utakuja kupima vipande. Ukichuja kwa 0.45 µm na chujio likaanza kuziba, simama hapo kwanza, inawezekana kabisa molekuli kubwa ndo zimebaki juu na hizo ndo ulikuwa unazitafuta.

Detekta ya kawaida ni ya rifraktivu indeksi (inapima jinsi myeyusho unavyopinda mwanga) kwa sababu sukari hizi karibu hazionekani kwenye UV. Inahitaji joto lisiloyumba, iache itulie vizuri kabla ya kuanza. Lakini UV usiichomoe, iweke nm 280, ukiona pik pale kwenye dondoo ya mmea ujue pengine kuna protini au fenoliki humo ndani, hii imenisaidia sana.

Kiasi cha sampuli naanzia kwenye 1 hadi 2 mg/mL, kwa zile kubwa sana nashuka chini ya hapo kwa sababu ya mnato. Kujua kama umezidisha ni rahisi, punguza nusu uingize tena, pik ikihama muda basi ile ya kwanza ilikuwa nyingi mno, endelea kupunguza mpaka itulie.

Na kama pik imeegemea mwanzoni kabisa, pale kolamu inapoishia uwezo wake wa kutenganisha, usipige hesabu ya uzito hapo hata programu ikikupa namba. Badilisha kolamu, tafuta yenye vitundu vikubwa zaidi.