Nyumba ya kale ndani ya hifadhi: anza na maji, simenti iache getini

Anayekabidhiwa nyumba ya kale ya mawe au matofali ndani ya eneo la hifadhi huwaza kwanza sola na rangi. Hayo yasubiri. Kwanza yajue maji: yanaingilia wapi na kwa nini hayatoki. Mvua kubwa ikinyesha, toka nje uizunguke nyumba. Gata iliyozibwa na majani, mlizamu uliopasuka upande wa ukutani, kigae kilichoteleza: mara nyingi hivi ndivyo vinavyolowesha ukuta, huku lawama zikiangukia msingi.

Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili usikiamini sana. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na ukuta wenye chumvi huupitisha hata ukiwa umekauka. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku chache. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa juu ya nailoni, huo ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni hewa, si kubomoa lipu.

Udongo wa nje nao huwa umepanda mwaka baada ya mwaka. Ushushe angalau milimita 150 chini ya sakafu ya ndani. Hapa hifadhi ina neno lake: mizizi. Kiwango cha Uingereza cha kulinda miti penye ujenzi, BS 5837, kinataka upime kipenyo cha shina mita 1.5 kutoka ardhini, uzidishe kwa 12, upate nusu kipenyo cha eneo la kulindwa. Shina la sentimita 50 linadai mita 6 kila upande. Ndani ya duara hilo chimba kwa mkono, tena kwa kibali. Mashine nzito isipite hata kama haichimbi, kwa sababu hushindilia udongo na mizizi ikakosa hewa. Mti unaweza kufa miaka kadhaa baadaye, mashine ikiwa imeshasahaulika.

Sasa kuta. Ukuta wa chokaa hulowa na kukauka kupitia maungio, yaani mistari ya chokaa kati ya matofali au mawe. Ukiyajaza simenti, maji hukosa njia na kutokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi huganda nyuma ya uso wa tofali, huutumua, nao hubanduka magamba magamba. Ukiona maungio yamechomoza na matofali yameliwa, simenti ilipita hapo. Inayobanduka kwa kugongwa kidogo, itoe. Inayong'ang'ania na kuja na uso wa jiwe, iache. Kuing'oa kunaleta hasara kubwa kuliko kuivumilia.

Mchanganyiko wa kawaida wa kujazia maungio upya ni chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Pima kwa ndoo, maana koleo halina kipimo. Mchanga uwe umeoshwa, wenye punje kubwa na ndogo. Nafasi tupu kati ya punje ni takriban theluthi moja, na chokaa ndiyo inayoijaza. Ikizidi, kazi hupasuka inapokauka. Kwangua maungio kwa tindo jembamba, kina mara mbili ya upana wa ungio na kisipungue milimita 25. Grinda hula kona za matofali, na kona haioti tena. Lowesha ukuta, shindilia chokaa kwa nguvu, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki moja au zaidi. Chokaa isiyo ya haidroliki, yaani isiyoganda kwa maji, hukomaa kwa kunywa kaboni dayoksaidi, na bila unyevu hainywi: ikikaushwa haraka na jua au upepo hubaki unga. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, ahirisha.

Kwenye paa, choma bisibisi kwenye ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Ikizama, kata sehemu iliyooza tu, mpaka ufikie mti mzima, uunganishe kipande cha mti wa aina ileile. Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inataka kipande kipya kipatane na cha zamani lakini kitambulike, kwa hiyo kichonge mwaka upande usioonekana sana. Mbao zikikaa chini ya asilimia 20 za unyevu, kuvu wa kuozesha hawaendelei, hivyo dawa kali mara nyingi hazina haja. Hilo ni muhimu pale popo wanapolala kwenye kenchi, maana dawa hizo huwadhuru. Msimu wao wa kuzaa uuingize kwenye ratiba kabla hujakodi jukwaa la mafundi.

Madirisha ya mbao yatengeneze, usiyabadilishe: ziba mianya kwa vipande vya mpira, ongeza kioo cha pili upande wa ndani kinachoweza kuondolewa. Sola iwekwe kwenye banda la nyuma.

Jambo dogo linalosahaulika ni maji ya kuoshea miko ya uashi. Yana pH (kipimo cha asidi na alikali) ya takriban 12, yaani ni makali sana: yanachoma macho, kwa hiyo vaa miwani, na yakifika kijitoni yanaua samaki na vyura. Oshea kwenye pipa, acha chokaa itue, maji ya juu yatumie kuoshea tena kesho yake. Yanayobaki mwisho wa kazi yatolewe nje ya hifadhi pamoja na tope lake.