Baiskeli ya changarawe katika vilima vya Ardèche: anzia kwenye reli iliyong'olewa

Ndugu uliyeuliza kutoka Moshi, swali lako nimelisoma mara mbili. Unakuja Lyon, Ufaransa, kwa kaka yako kwa wiki mbili za Septemba, unatafuta njia za changarawe zenye vilima na zisizo na magari, na unataka kujua uende wapi, kwa baiskeli ya namna gani, na kama programu ya simu inatosha kukuongoza. Mimi ninaishi Valence, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni kusini mwa Lyon, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Karibu kila Jumamosi isiyo na mvua huwa niko ng'ambo ya mto Rhône, katika mkoa wa Ardèche, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo ninaoujua. Wanaoipenda milima ya Morvan au Cévennes nao watakueleza ya kwao.

Nianze na jambo lililonipotosha mimi mwenyewe nilipofika. Kwetu Lushoto, barabara ya vumbi ni barabara inayosubiri lami: basi linapita humo, lori la kabichi linapita humo, na bodaboda ndiyo usiseme. Huku ni kinyume. Lami imefika hadi mlangoni mwa banda la mbuzi, na ukikuta njia ya changarawe ujue mara nyingi ni njia ambayo magari hayana haja nayo tena, au hayaruhusiwi kuipita. Sheria ya tarehe 3 Januari 1991 inakataza vyombo vya moto kuzurura mashambani na misituni nje ya njia zilizo wazi kwa magari, na ndiyo sababu unaweza kutembea nusu siku ukisikia kengele za ng'ombe tu. Kwa hiyo kabla ya kuichagua njia, jiulize ilitengenezwa kwa ajili ya nani: treni, trekta, lori la magogo au nyumbu wa mizigo. Ukilijua hilo, umeshaujua mwinuko wake kabla hujakanyaga pedali.

Siku zako mbili za mwanzo zitumie kwenye njia ya treni. Inaitwa Dolce Via, ina takriban kilomita 90, na ilikuwa sehemu ya reli ya Vivarais iliyojengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na kufungwa mwaka 1968. Reli hiyo ilikuwa na upana wa mita moja, kama reli yetu ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na reli nyembamba ya namna hiyo huweza kukata kona kali, ndiyo maana wahandisi waliifuatisha mto Eyrieux pindo kwa pindo badala ya kuutoboa kila mlima. Treni haiwezi mlima mkali. Mwinuko wake ni kama mita tatu kwa kila mita mia panapozidi sana. Matokeo yake ni kwamba unapita katikati ya milima iliyosimama kama kuta huku wewe mwenyewe unapanda polepole, bila kutambua, mpaka utakapogeuka na kuona baiskeli inakwenda yenyewe.

Njia inaanzia La Voulte-sur-Rhône. Mwanzoni bonde ni pana na lina mashamba ya pichesi, kisha linabana, na kuanzia Les Ollières-sur-Eyrieux hadi Saint-Sauveur-de-Montagut unakuwa juu kidogo ya maji, na mashamba ya ngazi ya kuta za mawe, mengi yakiwa yameachwa, yanapanda mlimani pande zote mbili. Sehemu kubwa ya njia imeshindiliwa mchanga na kokoto ndogo, na lami iko hapa na pale karibu na miji. Stesheni nyingi bado zimesimama, nyingine zimegeuzwa migahawa. Yako pia mahandaki mafupi. Mara ya kwanza niliingia handaki moja mchana wa Agosti, jasho likanipoa mgongoni kabla macho hayajazoea giza, tone la maji likaniangukia shingoni, na kwa sekunde chache nilichosikia ni cheni yangu tu ikirudishiwa sauti na kuta. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia. Mimi sikuvua, na nusura nimgonge mzee aliyekuwa anatembeza mbwa.

Ukifika Le Cheylard njia inagawanyika, tawi moja likienda Lamastre na jingine likipanda hadi Saint-Agrève, ambako uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa maoni yangu chagua Saint-Agrève. Tawi la Lamastre ni zuri, nalo lina watu zaidi, hasa familia zenye watoto wadogo siku za likizo. Juu kule hewa inabadilika, miti ya chestinati inaisha na misonobari inaanza, na unaingia kwenye uwanda ambao maji yake hugawanyika: mvua inayoangukia upande wa Eyrieux huenda Rhône na Bahari ya Mediterania, na inayoangukia upande wa pili huenda mto Loire na Atlantiki. Chanzo cha Loire chenyewe, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, kiko kusini zaidi, chini ya mlima Gerbier de Jonc wenye mita 1,551. Ni huko uwandani ndiko kwenye njia za misitu zitakazokufaa siku ya tatu na kuendelea, miguu ikishazoea.

Njia za misitu zilitengenezwa kwa ajili ya malori ya magogo, kwa hiyo ni pana, zina kokoto kubwa zaidi na mwinuko wa kuvumilika. Za trekta ni kali zaidi, kwa sababu mkulima alitaka kufika shambani, hakutaka mandhari. Za nyumbu ziache. Nyingi zimepangwa mawe yaliyosimamishwa kwa ncha ili kwato zisiteleze, na hapo ndipo programu ya simu iliponiponza. Mwaka wangu wa pili nilifuata mstari mmoja wa kilomita 38 ulioandikwa kuwa ni wa changarawe, nikajikuta kwenye ngazi za mawe za namna hiyo na nikaibeba baiskeli begani saa moja na nusu. Mwishowe nikapanda kwa hasira mahali nisipopaswa, na jiwe likapasua ubavu wa tairi la nyuma. Tairi lilikuwa la milimita 32, kosa langu la pili siku hiyo. Mpasuko wa ubavuni hauzibwi kwa kiraka cha mpira wa ndani, kwa sababu mpira hufura na kutokeza nje. Nilichokuwa nacho ni noti ya elfu moja ya nyumbani niliyokuwa naihifadhi kwenye pochi kama kumbukumbu. Niliikunja mara nne, nikaiweka ndani ya tairi nyuma ya mpasuko, nikajaza upepo kidogo, na Mwalimu akanifikisha Le Cheylard salama.

Tangu hapo natumia kwanza ramani za IGN, taasisi ya taifa ya ramani, ambazo unaweza kuziangalia bure kwenye intaneti. Chukua zile za kipimo cha 1:25,000, ambamo sentimita moja ni mita 250. Mstari mweusi mmoja usiokatika ni njia ya upana wa trekta. Mstari uliokatikakatika ni wa waenda kwa miguu, uuepuke. Kisha hesabu mistari ya miinuko, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, inayokatwa na njia yako. Milimani mistari hiyo hupishana kwa mita 10, kwa hiyo ikiwa miwili ndani ya sentimita moja, unapanda mita 20 kwa mita 250, yaani 8%, na hilo linawezekana kwa mtu aliyekula. Ikiwa minne ni 16%, na kwenye kokoto gurudumu la nyuma litazunguka bure hata kama una mapaja ya mpanda Kilimanjaro. Simu ibaki mfukoni kwa kazi ya kukuonyesha uko wapi.

Baiskeli yenyewe haina mambo mengi. Tairi liwe la milimita 40 hadi 45, na kama una kilo 70 hivi, upepo usizidi sana 2.5 bar, wa mbele ukiwa pungufu kidogo. Gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko gia ndogo ya mbele. Breki ziwe za diski, kwa kuwa mteremko mmoja wa huko unaweza kuchukua nusu saa. Beba mipira miwili ya ndani, maana kando ya reli za zamani kuna vichaka vyenye miiba. Kukodi unaweza bondeni humohumo, kwa hiyo huna haja ya kusafirisha yako kwa ndege.

Kufika ni rahisi kuliko inavyoonekana, ingawa treni za abiria ziliondoka ukingo ule wa Rhône, upande wa Ardèche, mwaka 1973. Shuka Valence kisha ufuate ViaRhôna, njia ya baiskeli ya kandokando ya mto, kama kilomita 20 hivi hadi La Voulte. Au shuka Livron, uvuke daraja.

Septemba ni mwezi mzuri, ila uwindaji hufunguliwa mwezi huohuo, na ukikuta kibao kimeandikwa « chasse en cours », yaani uwindaji unaendelea, kwenye njia ya msituni, geuka. Mimi niligeuzwa na babu mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa, aliyenisalimia kwa adabu kwanza, akaniuliza ninatoka wapi, kisha akanieleza kwamba nguruwe pori walikuwa wanaswagwa kuja upande wangu. Nunua chakula kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa maduka ya vijijini hufungwa mchana, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Maji yakikuishia, tafuta makaburi ya kijiji. Karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, na kama halina maandishi « eau non potable », yaani maji yasiyofaa kunywa, wenyeji hunywa. Shangazi yangu Tanga alipoona picha yangu nikijaza chupa kati ya misalaba hakuniuliza habari za milima. Aliniuliza kama nimepiga hodi.