Pikipiki Moja, Wagonjwa Wawili

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Ilemela, na tangu nirudi kutoka mafunzo ya afya ya akili nimekabidhiwa simu ambayo wahudumu wa afya ngazi ya jamii huipiga wanapokutana na mtu aliyechanganyikiwa. Juzi jioni zilifuatana simu mbili: ya kijana wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, ambaye hajalala siku mbili, anatetemeka na kuwarushia watu mawe, na ya mama ambaye dada yake anasema amekuwa mkimya na ameanza kugawa vitenge vyake. Pikipiki ya kutufikisha kwa mgonjwa ni moja. Nianze na nani? Na je, ni kweli kwamba kumuuliza mtu habari za kujiua kunampa wazo hilo?
Sista, Ilemela

JIBU: Marahaba, Sista. Pikipiki iende kwa kijana, ingawa kinachonitisha kwake si mawe bali ni kule kutetemeka. Mtu aliyezoea gongo kila siku akiikosa ghafla, pengine kwa sababu dagaa hawakupatikana na mfuko ni mtupu, anaweza katika siku mbili tatu za mwanzo kutokwa jasho, kuona wadudu wasiokuwapo na hata kupata degedege, na hali hiyo huua. Malaria iliyopanda kichwani na sukari iliyoshuka nazo huonekana hivyohivyo. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye simu, uliza alikunywa lini mara ya mwisho, kama mwili una joto, na kama ameumia kichwa. Akifika kituoni, kipimo cha malaria na cha sukari vitangulie kabla mtu hajaandika neno kichaa kwenye faili. Sungusungu wasimfunge kamba, bali wawaondoe watazamaji, abaki mtu mmoja anayemfahamu wa kuzungumza naye. Asipakizwe kwenye pikipiki. Itafutwe bajaji, akae katikati ya watu wawili.

Mama yule hangoji pikipiki irudi, kwani huduma yake inaanza kwenye simu. Kule kugawa vitenge huenda ni kuaga, kwa hiyo muulize kuhusu kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kufundishia wahudumu wasio mabingwa unasema hivyo waziwazi. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Omba kuongea naye mwenyewe, kisha usizunguke: “Mama, umefikia kutamani kufa? Umepanga namna? Hicho kitu kiko wapi sasa?” Jibu la swali la tatu ndilo litakalokuonyesha uharaka. Akitaja dawa ya kunyunyizia pamba iliyoko uvunguni, dada yake aiondoe mkiwa bado hewani, asimwache peke yake hata dakika moja, na usafiri mwingine utafutwe kwa majirani. Ikiwa ameshainywa, pikipiki igeuzwe kwake mara moja. Asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, na chupa iende naye hospitali.

Usishangae familia ikificha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanakijua hicho kuliko wanavyoijua Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ndiyo maana utaambiwa tu kwamba “amekula kitu kibaya”. Binafsi naona kifungu hicho kinatuchelewesha kuokoa watu, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine. Wewe uliza kiuuguzi, usiulize kama askari.

Simu ikitoka kisiwani, hesabu pia saa ya chombo. Mgonjwa ambaye Ilemela angeweza kungoja asubuhi, katika visiwa vidogo vya Ukerewe inabidi aamuliwe mchana, kwa kuwa usiku ukiingia na ziwa likichafuka, hata kufika Nansio ni kazi, sembuse hospitali za Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza.

Kila simu iandikie saa, hali uliyoelezwa, ulichoamua na jina la aliyebaki na mgonjwa, kisha piga tena asubuhi hata kama jana yake uliambiwa mambo ni shwari. Mwombe pia mganga mfawidhi aipangie simu hiyo zamu, maana haifai ilale kwa mtu mmoja kila usiku.