Jibu: Mafarao walifikaje Punt, nchi ya kale iliyofikiwa kwa Bahari ya Shamu, wakati Mto Nile hauingii bahari hiyo?

Mkuu, swali zuri sana. Jibu ni kwamba meli zenyewe zilivushwa jangwani! Mbao za mierezi zilitoka Lebanon, meli zikaundwa Koptos kando ya Nile, kisha zikafunguliwa na kubebwa vipande vipande hadi Wadi Gawasis, pwani ya Bahari ya Shamu, zikaunganishwa upya. Hapo wachimbaji wamekuta mapango yenye kamba nene za meli, bado zimekunjwa vizuri sakafuni kama mabaharia walivyoziacha miaka ipatayo 3,800 iliyopita, pamoja na masanduku ya mizigo yaliyoandikwa "maajabu ya Punt". Mimi hapo huwa nasisimka.

Watu humtaja Farao mwanamke Hatshepsut tu, lakini Farao Sahure alishaleta manemane kutoka Punt karibu miaka 1,000 kabla yake. Hatshepsut alichonga safari yake ukutani mwa hekalu lake la Deir el-Bahari: miti ya manemane inapakiwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wako melini. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia.

Ukizitazama picha hizo, angalia samaki chini ya meli. Ni wa baharini, si wa Nile.