Redio ya Masafa Mafupi: Fedha Ziende Wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Ninaishi Langoni, Lamu, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene. Nina shilingi 15,000 za kumnunulia mzee wangu redio ya masafa mafupi, asikilize idhaa za Kiswahili na Kiarabu. Muuzaji ananishauri nichukue redio hafifu, kisha fedha nyingi nizitie katika mita 20 za waya mnene wa antena. Je, nimfuate?

JIBU: Waalaykumu salaam. Usimfuate, fedha zako zipe redio kwanza. Mawimbi hupotea zaidi ndani ya waya kadiri megahezi zinavyopanda, na idhaa unazozitafuta ziko chini ya megahezi 30, ilhali waya wa kawaida wa televisheni umetengenezwa kubeba mamia ya megahezi. Mita 20 za RG-6, yaani waya huo wa televisheni, zitapoteza chini ya desibeli 1 katika mkanda wa mita 31 (takriban megahezi 9.5), kiasi ambacho sikio la mzee halitakitambua. Hata kama redio imekusudiwa waya wa omu 50 na huu ni wa omu 75, katika kupokea tu tofauti hiyo haina madhara.

Tafuta redio yenye tarakimu za masafa na tundu la antena ya nje. Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 zote zina tundu hilo. Linganisha bei zake kabla ya kulipa.

Adui mkubwa wa msikilizaji wa mjini ni kelele za umeme, na kuta nene humwongezea taabu kwa kuyadhoofisha mawimbi yatokayo nje. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata mita moja ya waya, iwashe redio usiku kwa betri, itege kati ya kilohezi 5900 na 6200, kisha uzime swichi kuu ya nyumba kwa dakika moja. Mvumo ukikatika ghafla, unatoka kwenye chaja za simu, taa za LED au inveta ya sola. Hapo ndipo waya wenye ngao, yaani RG-6 yenye msuko wa nyuzi unaouzunguka uzi wa katikati, unapostahili fedha, kwa sababu hupita katikati ya kelele hizo bila kuzibeba. Tandaza juu ya paa, mbali na nyaya za umeme, waya wa shaba wa mita 10 uliovikwa plastiki. Uungamanishe na kiini (uzi wa katikati) cha RG-6, na msuko wa nje uushushe kwenye chuma kilichochomekwa ardhini. Usirefushe sana, kwani redio ndogo hulemewa na stesheni zikaingiliana.

Kiungo hicho ndicho nisichokubali kifanywe kwa haraka. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na msuko ulioachwa wazi hunyonya unyevu kama utambi hadi shaba ikageuka kijani. Muombe fundi akilehemu, kisha akifunge kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe.

Radi zikianza kusikika, hata kwa mbali, ichomoe plagi ya antena kwenye redio.